Nywele Zinakua, Mikono Yetu Ndiyo Inayozikata

Hotuba iliyotolewa Goma, mashariki ya Kongo, mbele ya wasusi, wanafunzi wa ususi na wateja wa saluni. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Bamama, badada, na nyinyi wababa wachache mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnapanga kutoroka: jambo yenu! Karibuni. Leo hatuuzi kitu. Mezani hakuna chupa, hakuna pomadi, hakuna bei ya promosheni. Kuna beseni, bidoni moja ya maji, kopo na kichana. Hivyo vinatosha.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kusema, "Mimi nywele zangu hazikui"? Inueni mikono, msione haya. Tazameni, karibu ukumbi mzima. Swali la pili: kati yenu mliosuka rasta mwezi uliopita, nani ambaye rasta zake bado zimegusana na ngozi kama siku ile alipotoka saluni? Hakuna. Kila mmoja anaona nafasi imejitokeza pale chini, na anaanza kuuliza lini atarudia. Nafasi ile ni nini kama si nywele mpya?

Nywele za kipilipili kama zetu hukua milimita 8 hadi sentimita 1 kwa mwezi. Kwa mwaka ni karibu sentimita 10. Kwa miaka mitatu ni sentimita 30, ukizinyoosha zinashuka hadi begani. Sasa mama, sentimita zako 30 ziko wapi? Ziko kwenye kichana. Ziko kwenye ufagio wa saluni. Ziko kwenye foronya ya mto. Zilikua, zikakatika. Anayetafuta mafuta ya kuotesha nywele wakati nywele zake zinakatika ni kama mtu anayejaza bidoni iliyotoboka.

Zinakua. Zinakatika. Shikeni hayo maneno mawili, nitayarudia mpaka mchoke.

Unywele unaouona hauna uhai. Kilicho hai ni ngozi ya kichwa, na kile kishimo ambamo unywele unatokea. Ndiyo maana mkasi ukikata husikii maumivu. Na kitu kisicho na uhai hakijitibu: ncha iliyopasuka imepasuka, hakuna krimu ya kuiunga tena, utaikata tu. Nje ya kila unywele kuna magamba madogo sana yaliyolaliana kama magamba ya samaki, yakitazama kwenye ncha. Yakilala, unywele ni laini na unang'aa. Yakisimama, unywele unashikana na mwenzake, unafunga fundo, unakatika. Na nywele zetu zinajipinda. Kila zinapojipinda pana kona, na kwenye kila kona unywele ni dhaifu zaidi. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi nayo hayawezi kupita kona zote hizo hadi nchani. Kwa hiyo unaweza kuwa na ngozi yenye mafuta na ncha kavu kama majani ya Julai, kichwa hicho hicho kimoja.

Kwa nini naeleza haya? Kwa sababu shampuu ni ya ngozi, na apre-shampwe, ile krimu ya kulainisha inayopakwa baada ya shampuu, ni ya nywele. Wengi wetu tunafanya kinyume: shampuu tunaisugua kwenye ncha, apre-shampwe tunaipaka kwenye ngozi, halafu tunalaumu chupa.

Kuna mama mmoja wa Majengo aliyekaa miezi mitatu bila kuosha kichwa. Aliambiwa maji yanakausha nywele. Kichwa kikamwasha, akapaka mafuta. Kikawasha zaidi, akapaka zaidi, asubuhi na jioni. Mwishowe mabega ya nguo yake nyeusi yakawa kama yamemwagikiwa unga wa muhogo. Ile ilikuwa mba. Mba inahusiana na kuvu mdogo aitwaye Malassezia, ambaye anaishi kwenye ngozi za watu wengi bila kelele. Chakula chake ni mafuta. Sasa wewe mgeni humtaki, lakini kila jioni unampa ugali na sambaza. Ataondoka vipi?

Yule mama hakuhitaji mafuta mapya. Alihitaji shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, inayopatikana kwenye famasi. Inapakwa kwenye ngozi, povu linakaa dakika 3 hadi 5, ndipo unasuuza. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Kosa la kawaida ni kusuuza baada ya nusu dakika na kusema dawa haifanyi kazi. Kosa lingine ni kuivuta hadi kwenye ncha, ambako hakuna mba yoyote, na inazikausha.

Basi tuoshe mara ngapi? Nywele zilizo wazi, kila baada ya siku 7 hadi 14. Anayeshinda sokoni kwenye vumbi, au anayevaa kofia ya moto, yaani ya pikipiki, kila siku, asipite siku 7. Mwenye rasta, kila wiki mbili. Na ndiyo, rasta zinaoshwa! Nitafika huko.

Sasa tuje kwenye maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mambo mengi yanayosemwa kuhusu nywele yanasemwa na watu wasiojua maji ya Goma.

Kuna binti aliyekuja kusoma hapa mjini akitokea Masisi. Kwao walichota chemchemi ya mlimani. Aliosha nywele kwa kipande cha sabuni, na nywele zilikuwa sawa. Akafika Goma, akaendelea na sabuni ile ile, kichana kile kile. Baada ya miezi miwili nywele zimekuwa ngumu, zina ukungu mweupe, kichana hakipiti. Watu wakamwambia ni hewa ya mjini. Wengine wakasema ni wivu wa mtu fulani. Jamani! Kilichobadilika kilikuwa maji.

Maji ya Ziwa Kivu yana madini ya magnesiamu mengi na bikaboneti nyingi, chumvi ya jamii ya magadi, kutokana na miamba ya volkano na chemchemi zinazoingia chini kabisa ya ziwa. Hata maji ya bomba ya hapa mjini, mengi yamepampiwa kutoka ziwani. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesiamu haitoi povu vizuri. Inaganda na kuwa utando mweupe. Huo utando mnaujua, ndio ule unaoshika pembeni mwa beseni mpaka uukwangue kwa kucha. Kama unashika beseni, usishike nywele kwa nini?

Kuna jambo la pili. Wataalamu wana kipimo kinaitwa pH. Namba 7 ni katikati, chini yake ni upande wa uchachu kama wa ndimu, juu yake ni upande wa magadi. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Maji ya juu ya ziwa letu yako karibu na 9. Sabuni ya kipande ni 9 hadi 10. Kila unapokwenda upande wa magadi, unywele unavimba na yale magamba yanasimama. Kwa hiyo sabuni ya kipande pamoja na maji ya ziwa ni kuyasimamisha magamba mara mbili. Na wale wanaosoma kwenye simu kwamba unga wa bikaboneti unasafisha nywele: mama, ziwa lote limejaa bikaboneti, unaongeza ya nini?

Sisemi tuhame mji. Yapo mambo matatu ya kufanya. Acha sabuni ya kipande kichwani, tumia shampuu, kwa sababu shampuu haigandi hivyo kwenye maji magumu, yaani yenye madini mengi kama haya. Tumia maji ya mvua ukiyapata, angalau kwa kusuuza mara ya mwisho. Hayana magnesiamu, utaona povu linavyopanda. Acha mvua inyeshe kama dakika kumi kwanza ioshe bati, maana juu ya bati kuna vumbi na wakati mwingine majivu ya volkano ya Nyiragongo, ndipo uweke ndoo. Na la tatu ni siki: kijiko kimoja cha mezani cha siki ya chakula ndani ya lita 1 ya maji. Unaimwaga mwisho kabisa, magamba yanalala. Kijiko kimoja, nimesema, si kikombe. Isiguse kidonda wala macho. Ndimu iliyokamuliwa moja kwa moja kichwani usijaribu, inachoma ngozi.

"Lakini maji ni ghali, tutaosha na nini?" Nimelisikia hilo swali hata kabla ya kupanda hapa. Ndiyo maana bidoni ipo. Bidoni moja ni lita 20, na kichwa kimoja chenye nywele nyingi kinaoshwa vizuri kwa lita 16. Fuateni.

Kabla ya tone lolote la maji, gawa nywele mafungu manne hadi sita, kila fungu lisokote kidogo ili lisichanganyike na mengine. Maji yawe vuguvugu. Yajaribu kwenye kiganja kama unavyojaribu maji ya mtoto. Lita 3 za kwanza ni za kulowesha tu. Usisugue bado! Vumbi letu hapa ni la mawe ya lava, ni mchanga mkali. Ukianza kusugua kabla halijatoka, unazipiga nywele msasa. Kisha chukua shampuu, kijiko kimoja cha mezani, ichanganye na maji kidogo kwenye kikombe, uipake kwenye ngozi, fungu kwa fungu, kwa nyama ya vidole. Kucha zinachubua, ziache. Nywele zenyewe zitaoshwa na povu linaposhuka. Suuza kwa lita 4. Rudia shampuu mara moja, kwa sababu ya kwanza imetoa vumbi na mafuta tu, ya pili ndiyo inasafisha ngozi. Suuza tena kwa lita 4.

Hapo kamua maji kwa mkono, paka apre-shampwe kuanzia katikati hadi nchani, subiri dakika 3 hadi 5. Sasa ndio wakati wa kichana, wakati nywele zimelowa na zinateleza. Meno mapana. Anza nchani, panda kidogo kidogo kuelekea kichwani, huku mkono wa pili umeshika fungu karibu na ngozi ili lisivutwe. Nywele iliyolowa inanyumbuka zaidi lakini ni dhaifu zaidi. Ukiivuta kwa nguvu inarefuka kama mpira, halafu inakatika. Anayeanza kuchana kutoka kwenye ngozi anasukuma mafundo yote yakutane chini, kisha anayakata kwa kichana. Ndio ule mlio wa "krrr" ambao wasusi wengine wanaufurahia sijui kwa nini.

Lita 4 za kusuuza apre-shampwe. Lita 1 ya siki. Jumla 16. Lita 4 zinazobaki, osha vichana na taulo.

Kukausha: fulana kuukuu ya pamba, unabana, husugui. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima, zaidi kwenye ncha. Mafuta hayaleti maji, yanafungia maji yaliyopo. Ukipaka kwenye nywele kavu yenye vumbi, umefungia ukavu na umetega vumbi. Usiku, fulari ya satini, yaani kitambaa cha kichwa kinachoteleza, kwa sababu pamba ya foronya inanyonya unyevu na kukwaruza. Na ukipanda moto, hiyo pikipiki, fulari hiyo hiyo chini ya kofia. Kofia ya abiria imevaliwa na vichwa vingi kabla yako.

Tuko pamoja? Zinakua. Na zinakatika wapi zaidi? Mkononi mwa msusi. Wasusi wenzangu, msininunie.

Bibi harusi mmoja alitaka rasta nyembamba zilizovutwa nyuma, ngozi ya uso ikapanda mpaka nyusi. Usiku hakulala. Aliambiwa ameze parasetamoli avumilie, kwa sababu urembo unauma. Akameza, akaolewa, akapendeza. Akarudia mtindo ule ule miezi miwili baadaye, na baada ya hapo tena, kwa miaka. Leo nywele za kwenye paji na juu ya masikio hazipo, na anavaa fulari hata jikoni.

Hebu niulize: jino likiuma, je, unameza dawa ili uendelee kulipigilia msumari? Maumivu ni habari. Kama huwezi kuinua nyusi, kama kuna vipele vidogo kwenye mizizi, kama unalala kwa paji la uso, rasta hizo zimekaza mno, na zinafunguliwa siku hiyo hiyo hata kama umelipa. Nywele iliyong'olewa kwa kuvutwa, mwanzoni inarudi ukiacha kuivuta, inachukua miezi. Ukiendelea miaka, kile kishimo kinageuka kovu, na kovu haliotishi nywele. Hakuna mafuta ya nyonyo yatakayolifungua. Basi kwenye nywele za mbele, za watoto hasa, weka meshi (nywele za kuongezea) kidogo na legeza mkono. Na usisuke nywele zikiwa zimelowa: zikikauka zinajivuta, rasta iliyokuwa sawa saa nne inakuwa kamba saa kumi.

Hapo hapo niseme kuhusu kuchovya ncha za rasta kwenye maji yanayotokota. Mteja afunikwe mabega kwa taulo nene, ncha zichovywe kwenye chombo kilichosimama imara chini, mbali na jiko la makala (makaa) na watoto wanaopita. Sufuria isipitishwe juu ya mapaja ya mtu.

Rasta zikae wiki 6 hadi 8. Kuziosha: chukua chupa ya plastiki, toboa mfuniko, weka sehemu moja ya shampuu na nne za maji, nyunyiza kwenye mistari ya ngozi, bonyeza kwa vidole, suuza mpaka maji yatoke safi. Fanya hivyo asubuhi, kabla ya saa nne. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na jioni ni baridi. Rasta zilizooshwa saa kumi zinalala na maji, kesho zinanuka kama kitambaa cha deki.

Siku ya kuzifungua, mtu anaona rundo la nywele mkononi, anapiga yowe. Tulia, mama. Kila kichwa huangusha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Wiki 6 ni siku 42. Zidisha: nywele 2,100 hadi 4,200 zilizokuwa zimeshikwa ndani ya rasta, zisizo na pa kuangukia. Chukua moja uitazame kwenye mwanga. Ikiwa na kidoti cheupe upande mmoja, imemaliza muda wake, mpya iko njiani. Ikiwa fupi bila kidoti, hiyo imekatika. Rundo la vidoti halitishi. Rundo la vipande ndilo la kuuliza maswali. (Aliyejifungua miezi mitatu iliyopita ataona vidoti vingi kuliko kawaida, vivyo hivyo aliyetoka kwenye homa kali. Kwa wengi hutulia zenyewe.)

Na usikimbilie maji! Pale kwenye mizizi kuna pete ya uchafu na nywele zilizoanguka. Ukilowesha kabla ya kuitoa, inakaza na kuwa fundo lisilofunguka. Apre-shampwe kwanza, vidole, kichana cha meno mapana, ndipo maji.

Defrizan nitaipitia haraka, ingawa najua ndiyo inayowasumbua wengi. Ile ni dawa ya pH 12 hadi 14, inavunja viungo vya ndani ya unywele na kuunyoosha. Siku mbili au tatu kabla, usioshe wala kukwaruza ngozi. Vaselini kwenye ngozi, masikio na paji. Dawa inagusa nywele mpya tu, si zile zilizokwisha kunyooshwa, na si kabla ya wiki 8. Dakika ni zile za kwenye kopo, kwa saa, si kwa "vumilia kidogo." Kuungua hakuna maana kwamba imekolea. Kuungua ni kuungua. Baadaye inasuuzwa kwa maji mengi, kisha shampuu ya kuzima dawa. Nyingi povu lake hubadilika rangi dawa ikiwa bado ipo, basi rudia mpaka liwe jeupe. Siku hiyo bidoni moja haitoshi. Kama maji hayapo, defrizan haipo. Watoto msiwapake.

La mwisho ni la wenye tondozi, mashine ya kunyolea, na wenye watoto. Mtoto mmoja alitoka kunyolewa, wiki kadhaa baadaye ana duara kichwani, nywele zimekatika zimeacha vidoti vyeusi. Mama akapaka krimu, duara likabaki. Akamnyoa kwa tondozi ya nyumbani, akawanyoa na wadogo zake wawili. Sasa ni vichwa vitatu. Hayo ni mapunye, si mba. Kuvu wake anaingia ndani ya unywele, krimu haimfikii. Yanatibiwa kwa dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 kufuatana na uzito wa mtoto, na ndugu zake watazamwe pia.

Na saluni zetu? Wakati wa Ebola, kisa cha kwanza kilipothibitishwa hapa Goma Julai 2019, mji mzima ulijua klorini ya asilimia 0.05 ni ya mikono na ya 0.5 ni ya vitu. Tumesahau? Vichana vya plastiki: toa nywele, osha kwa sabuni, loweka kwenye ile ya 0.5 dakika 10, suuza. Klorini inakula chuma, kwa hiyo meno ya tondozi yapigwe brashi kisha yapanguswe kwa alkoholi ya asilimia 70, kila baada ya kichwa. Kila kichwa.

Aksanti. Mabeseni yako nyuma, maji yameanza kupoa. Wenye rasta zilizopita wiki 8 watangulie, na kila mmoja aje na kichana chake.